Usiifungue injini kabla ya kukagua pumzi yake

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia nikiwa salama, nami natumaini hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na wote wa nyumbani. Nimeirudia mara mbili sehemu ile unayosema kwamba pikipiki yako imeanza tena kuvuja oili wiki 3 tu baada ya kubadilishiwa gasketi zote, zile karatasi za kuziba maungio ya injini, na kwamba Jumamosi umekusudia kuifungua injini kuanzia juu hadi chini. Nakuomba usiifungue bado. Nakuandikia kwa haraka ili barua hii ikufikie kabla hujashika spana, kwa sababu njia hiyo nimekwisha kuipita mimi, na ilinichukua miezi mingi kutambua kwamba nilikuwa nikitibu mahali pasipo na ugonjwa.

Injini yangu, kama yako, ni ya Kiingereza ya miaka ya 1960: silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, sentimita za ujazo 650, na pistoni zote mbili hupanda na kushuka kwa pamoja. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipa jibu. Pistoni zinaposhuka, nafasi iliyo chini yake katika chumba cha krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, hupungua kwa sentimita zile zile 650, na injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, jambo hilo hutokea mara 50 kila sekunde. Hewa iliyobanwa namna hiyo haina budi kutafuta njia ya kutokea, na ndiyo maana injini imewekewa bomba la kupumulia. Bomba hilo likiziba, hewa huisukuma oili popote palipo dhaifu: kwenye vifuniko vya roka (mikono midogo inayofungua valvu), kwenye mirija inayofunika fimbo za kusukuma valvu, au kwenye sili ya shafti. Gasketi mpya huvumilia kwa siku chache, kisha nayo huelemewa.

Nilibadilisha gasketi za vifuniko vya roka mara 3, kila mara kwa uangalifu zaidi, na kila mara oili ilirudi pale pale. Siku niliyoondoa betri ili nisafishe kiti chake ndipo nilipoliona bomba la kupumulia limebanwa nyuma yake hadi likawa bapa, na ndani limejaa tope jeupe la oili iliyochanganyika na unyevu. Niliweka bomba jipya la upana ule ule wa awali, nikalipitisha mahali pasipo na mkunjo wala kitu cha kulibana. Gasketi sikuigusa. Uvujaji wa juu ulikoma siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, Jumamosi anza hapo. Injini ikiunguruma taratibu, weka kidole karibu na mdomo wa bomba. Unapaswa kuhisi pumzi zikija kwa mapigo. Usipohisi kitu, bomba limeziba. Ukihisi upepo mkali usiokatika, pamoja na moshi, basi huenda ringi za pistoni zimechakaa na gesi ya mwako inapenya chini. Hapo pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kabla ya kufikiria gasketi.

Jambo la pili ni tangi. Oili ya injini hizi hukaa katika tangi la pembeni, na pampu moja huipeleka ndani huku nyingine ikiirudisha. Kinachoizuia kuteremka injini inapozimwa ni golori ndogo na springi yake, na golori hiyo ikishika uchafu, oili hupenya polepole hadi kujaza chumba cha krenki. Uliniandikia kwamba pikipiki ilikaa mwezi mzima bila kuwashwa, kisha ukakuta oili ya tangi imepungua, ukaongeza. Naogopa haikuwa imepotea, bali ilikuwa imeshuka chini. Safari hii fungua kwanza nati ya kumwagia oili iliyo chini ya injini, upime kinachotoka, na baadaye upime tangi baada ya injini kuunguruma dakika kadhaa, si kabla.

Baada ya hayo mawili, ikiwa bado inavuja, tafuta chanzo kwa subira. Ioshe injini yote kwa mafuta ya taa, ikaushe kabisa, kisha uipake poda nyeupe nyepesi. Endesha dakika 10, usimame, uangalie. Oili huteremka, na upepo wa safari huipeperusha nyuma, kwa hiyo tone unaloliona chini ya gia laweza kuwa limetoka kwenye kichwa cha silinda. Mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa ndipo pa kuchunguza. Na tafadhali, kila mara angalia tairi la nyuma kabla ya kuondoka, maana oili kidogo kwenye ukingo wake yatosha kukuangusha konani.

Ikibidi kufungua, usiamini kwamba nyuso za alumini zimenyooka. Bolti iliyokazwa kupita kiasi huvuta juu nyuzi za tundu lake, na ukingo wa tundu huinuka kama kichuguu kidogo ambacho macho hayakioni lakini gasketi hukihisi. Mimi niliukwangua kwa ncha ya keekee kubwa niliyoizungusha kwa mkono, kisha nikausugua uso wa kifuniko juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo kinene, hadi mistari niliyoichora kwa kalamu ikafutika yote sawasawa. Bolti ndogo za vifuniko zikaze kwa takribani nyutoni-mita 10, si zaidi. Gundi ya silikoni iwe nyembamba mno, kwa kuwa inayobinyika kwa ndani huweza kukatika na kuziba njia ya oili, na hasara hiyo ni kubwa kuliko tone lolote sakafuni.

Wapo wanaosema pikipiki hizi huvuja kwa asili yake. Ni kweli kwamba kesi yake, yaani ganda la injini, imegawanywa wima, hivyo mshono hupita chini kabisa panapokusanyika oili, ilhali Honda CB750, iliyotoka mwaka 1969, kesi yake iligawanywa kwa mlalo. Hata hivyo sikubaliani nao. Yangu imekwenda kilomita 2,000 tangu nilipobadilisha lile bomba, na karatasi ninayoitandika chini yake usiku naikuta kavu asubuhi.

Utakapomaliza kukagua bomba na tangi, niandikie unieleze ni kiasi gani cha oili kilichotoka chini, na poda ililowa wapi kwanza. Nikishajua hayo mawili, nitaweza kukwambia kama kuna haja ya kuinua kichwa cha silinda, na ikiwa ipo, nitakuja tuifungue pamoja.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.