Konokono wa ziwani tusiwasahau

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Huku Mwanza kila kampeni ya kichocho ikija ni vidonge vya prazikwanteli tu, sawa vinaua minyoo iliyokomaa mwilini ila mtoto akirudi kuoga ziwani anaambukizwa upya, na chanzo tunakikanyaga kila siku, konokono. Yai la mnyoo likitoka na kinyesi likafika majini linaanguliwa, kidudu kinaingia ndani ya konokono kinazaliana humo wiki kadhaa mpaka konokono mwenyewe anashindwa kutaga mayai, alafu anaanza kutoa maelfu ya vidudu vyenye mkia kila siku, tena vile vya kichocho cha tumbo hutoka zaidi mchana jua likiwaka, muda ule ule watoto wetu wamejazana majini!! Inaniuma sana. Kule Senegal watafiti waliondoa majani ya majini sehemu watu wanapochota maji, konokono wakapungua na maambukizi kwa watoto yakashuka, na majani yenyewe yakawa mbolea na chakula cha mifugo. Halmashauri zetu jamani, choo kwenye mialo na kusafisha hayo majani, tuanze hata mwalo mmoja.

Mama wa watoto watatu, Mwanza