Taarifa za usalama: tunaweka nini kwenye mlisho, na tunaacha nini

Wateja wanaopokea mlisho wetu (feed, mfululizo wa taarifa fupi) wa usalama wa programu wanatuomba mambo mawili yanayopingana. Kuna wanaotaka kila kitu kiwemo humo humo, wasifungue kiungo chochote. Kuna wanaotaka kichwa cha habari tu, na tunawaelewa: mwaka 2024 pekee zilitangazwa CVE (namba za kutambulisha udhaifu wa kiusalama kwenye programu) zaidi ya 40,000, na hakuna fundi wa seva atakayezisoma zote. Sisi tunaangalia jambo moja. Mtu akiisoma taarifa huku ana kazi nyingine mkononi, atajua kama inamhusu na aanzie wapi?

Chukua mwanya uliogunduliwa Desemba 2021 kwenye Log4j, maktaba ya Java ambayo programu nyingi huitumia kuandika logi, yaani kumbukumbu za matukio. Kichwa kinachosema "Hatari kubwa yagunduliwa" kinatia hofu bila kusaidia. Mistari michache ingetosha: CVE-2021-44228, matoleo yaliyoathirika ni kuanzia 2.0-beta9 hadi 2.14.1, mshambuliaji hutuma maandishi maalumu, programu ikiyaandika kwenye logi anapata nafasi ya kuendesha msimbo wake ndani ya seva, wavamizi wameshaanza kuutumia mwanya huo, sasisha leo. Hapo fundi anakwenda moja kwa moja kuangalia toleo alilonalo.

Namba za matoleo tunazitanguliza kuliko alama ya ukali, na hili tunalishikilia sana. Mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia) uliofichwa ndani ya XZ Utils, programu ya kubana faili, CVE-2024-3094, ulipewa alama 10 kati ya 10, sawa kabisa na Log4j. Lakini ulikuwemo kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1 tu, na seva nyingi zilikuwa hazijayapata bado. Anayeonyeshwa 10 bila namba hizo anaweza kukesha akitafuta kitu ambacho hana.

Mbona basi tusiweke maelezo yote? Urefu unachosha, ndiyo, ila kinachotutia wasiwasi zaidi ni nakala. Programu za kusomea milisho, na hasa barua pepe za muhtasari, mara nyingi hubaki na maneno yale yale yaliyotoka siku ya kwanza. Watumiaji wa Log4j waliambiwa wahamie 2.15.0. Siku chache baadaye ikabainika kwamba toleo hilo halikuziba mwanya wote, likatoka 2.16.0, kisha 2.17.0, yote ndani ya mwezi ule ule. Aliyebaki na maelekezo ya kwanza angeamini amemaliza kazi, na bado mlango uko wazi.

Kwa hiyo hatua za kurekebisha tunaziweka kwenye taarifa kamili, ambayo tunaihariri kila hali inapobadilika, na mlisho unabeba kiungo chake. Ushauri ukibadilika tunatoa taarifa mpya yenye neno MABADILIKO mwanzoni mwa kichwa, kwa sababu kuhariri ile ya zamani kimyakimya hakumfikii aliyekwisha kuisoma. Msimbo wa kushambulia hatuuweki kabisa. Mlisho nao ni maandishi ya kawaida tu, bila picha wala HTML, maana wengi wenu mnayapitisha kwenye mifumo yenu ya tahadhari.

Anayeona taarifa bado ni nyingi atutumie orodha ya programu anazotumia pamoja na matoleo yake. Tutamtengenezea mlisho wa hizo peke yake, na orodha ikibadilika atujulishe ili tuubadilishe.