Mhariri, HER2 haipimwi kwenye damu, inapimwa kwenye kinyama

Mhariri, salam nyingi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, kazi yangu ni maabara ya patholojia huku Mwanza, yaani tunapima vinyama vilivyotolewa mwilini kutafuta ugonjwa, naomba nafasi kidogo niseme kuhusu ile makala yenu ya trastuzumab, ile sindano ya saratani ya matiti. Makala nzuri sikatai, bei mmeeleza, bima mmeeleza, wagonjwa mmewahoji, ila kuna mahali mmeandika mgonjwa "anapimwa kingamwili" halafu anaanza dawa, basi watu wameelewa ni kipimo cha damu kama kile cha UVIKO. Juzi dada mmoja kaja dirishani kwetu na gazeti lenu mkononi, keshakunja mkono wa gauni, anataka atolewe damu apimwe HER2. Sio hivyo jamani.

Iko hivi, HER2 ni protini inayokaa kwenye utando wa nje wa seli, inapokea taarifa na kuiambia seli ikue, igawanyike. Kila mtu anayo, hata wewe mhariri. Shida ni pale jeni yake, iko kwenye kromosomu ya 17, inapojizalisha nakala kibao, seli inajaa HER2 na kazi yake inakuwa kugawanyika tu usiku na mchana. Kwenye saratani ya matiti wagonjwa wa hivyo ni kama 15 mpaka 20 kwa kila 100, na hao ndo trastuzumab ilitengenezwa kwa ajili yao. Ambaye hana hiyo hali ukimchoma umemlia hela bure na moyo wake umeuweka kwenye hatari, maana hiyo dawa inaweza kuudhoofisha moyo, ndo maana wanaotumia wanapigwa echo, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, kila baada ya muda.

Sasa kumjua nani ni nani ndo kazi ya kingamwili ya maabara, ambayo haitoki kwa mgonjwa, inakuja kwenye kichupa inakaa friji nyuzi 2 mpaka 8, na zinazotumika sana asili yake ni sungura. Kinachowachanganya watu ni kwamba trastuzumab yenyewe nayo ni kingamwili dhidi ya HER2, ila ile ni ya kutibu na hii yetu ni ya kuonyesha tu. Kinyama kilichotolewa kwenye titi kinalowekwa fomalini, yaani dawa ya kuzuia kisioze, kinawekwa kwenye nta, tunakikata kipande chembamba cha kama maikroni 4 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), tunakipandisha kwenye slaidi, tunakichemsha kidogo ili protini ifunguke, ndo tunadondoshea kingamwili. Ikikuta HER2 inanasa, tunaongeza rangi na palipo na HER2 panakuwa kahawia. Ikiwa nyingi kweli kila seli inazungukwa na mstari wa kahawia mzito, ukiangalia kwenye darubini unaona kama wavu wa banda la kuku. Hiyo daktari anaipa alama ya 3+, ndo ya juu kabisa, mradi seli za saratani zilizo hivyo zizidi asilimia 10. 2+ bado haijaeleweka, inabidi kuhesabu nakala za jeni yenyewe. 0 na 1+ ni hasi, japo tangu 2022 Marekani wameruhusu dawa nyingine ya familia hiyohiyo kwa baadhi ya wenye 1+ ambao saratani imeshasambaa, kwa hiyo hata kale ka-1+ siku hizi sio ka kupuuza.

Lililonifanya niandike hasa ni hicho kinyama kabla hakijatufikia. Kuna hospitali, sitaitaja, inatutumia vipande kwa basi, tunafungua boksi tunakuta kinyama kinaelea kwenye maji ya dripu, fomalini hamna kabisa, au titi zima limesindiliwa kwenye kikopo kidogo fomalini imeishia juu juu, ukilikata katikati ni laini na linanuka. Kinyama kinatakiwa kiingie fomalini ndani ya saa moja tangu kitolewe, fomalini iwe nyingi mara kumi ya kinyama, kikae humo saa 6 mpaka 72. Kikioza kingamwili haina cha kushika, slaidi inatoka bluu tupu, na ripoti inaweza kwenda "hasi".

Na ubaya wake ni kwamba hatuwezi kujua kirahisi. Kila tukipima tunaweka na kinyama kingine tunachokijua kina HER2 nyingi ili tuone kama kingamwili inafanya kazi, sasa hicho kilihifadhiwa vizuri, kitatoka kahawia safi, ukikiangalia unasema kipimo kiko poa kumbe kilichoharibika ni cha mgonjwa! Kwenye kipimo cha kipokezi cha homoni ya estrojeni angalau mirija ya titi isiyo na saratani ya mgonjwa mwenyewe inatakiwa ishike rangi, isiposhika unashtuka. Kwa HER2 mirija hiyo kwa kawaida haishiki, kwa hiyo haikusaidii.

WHO waliiweka trastuzumab kwenye orodha ya dawa muhimu 2015, na Desemba 2019 wakaidhinisha ya kwanza ya zile zinazofanana nayo kwa bei nafuu, na nyinyi mmeandika vizuri habari ya bei. Ila mbona hamkuuliza kama kichupa cha kingamwili kipo? Kikiisha tunasubiri oda, na mgonjwa naye anasubiri.

Kwa hiyo mkirudia hiyo mada waambieni ndugu wa mgonjwa waulize siku hiyohiyo ya upasuaji kinyama kimewekwa kwenye nini, na saa kilipotolewa na saa kilipoingia fomalini ziandikwe kwenye fomu, maana nyingi tunazopokea hapo pako wazi. Na yule ambaye jibu limetoka hasi na daktari wake ana wasiwasi, kile kitofali cha nta tunakitunza, aongee na daktari waombe kipelekwe maabara nyingine kipimwe tena, na kama kinyama chenyewe kilioza toka mwanzo waulize kama kinaweza kuchukuliwa kingine.

Wenu,
Mtu wa maabara, Mwanza