Mwezi wa saba maji ya Matema ni baridi?

Kila ikifika Mei simu zinaanza hapa kwenye nyumba yetu ya wageni Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. "Samahani, tunataka kuja na watoto wakifunga shule, lakini si maji yatakuwa barafu?" Anayeuliza mara nyingi yuko Mbeya au Tukuyu, amevaa sweta na nje kuna ukungu. Tunamwelewa. Mtu aliyeoga maji ya bomba asubuhi ya Julai kule Uyole hawezi kuamini haraka kwamba kuna mahali ndani ya mkoa huohuo mtu anaingia ziwani kwa hiari yake.

Jibu fupi ni hapana. Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo Ziwa Nyasa linapoa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na kupoa kwenyewe ni kufika nyuzi joto 23 hadi 25 hivi. Kuanzia Januari hadi Machi maji ya juu hupanda hadi 28, wakati mwingine 29. Kati ya msimu wa joto na wa baridi tofauti haizidi nyuzi sita. Mabwawa ya mashindano ya kimataifa ya kuogelea yanatakiwa yawe kati ya nyuzi 25 na 28, kwa hiyo miezi mingi ya mwaka ziwa letu limo ndani ya kipimo hicho, na hakuna anayelipa umeme.

Sababu ya kwanza ni mwinuko. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Matema haifiki hata 500. Sababu ya pili ni kina. Ziwa hili linashuka hadi mita 700 hivi, na maji mengi kiasi hicho hayapashwi wala hayapozwi kwa wiki mbili za hali ya hewa. Hata kule chini kabisa, ambako jua halijawahi kufika, maji yana nyuzi 22 na kitu. Upepo ulikoroge ziwa utakavyo, hauna maji ya baridi zaidi ya hayo ya kukuletea.

Na upepo upo. Kusi huanza kuvuma Mei na kutawala hadi Agosti au Septemba. Wavuvi wa upande wa Malawi wanauita mwera. Huu ndio unaopoza ziwa, lakini haulipozi sawasawa. Ukipuliza kikombe cha chai ya maziwa, utando wa juu hukimbilia ukingo wa upande wa pili. Kusi nayo husukuma maji ya juu, yenye joto, kuja kaskazini, na kule kusini maji ya chini yanapanda kujaza nafasi. Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa, upande unaopokea. Kwa hiyo kama rafiki yako aliogelea Julai kule Mangochi, Malawi, kusini mwa ziwa, akarudi akisema Nyasa inatetemesha, hakukudanganya. Ila hakuogelea huku.

Mbona basi wageni wetu wengine wa Julai hutoka majini wakigongana meno? Hapa ndipo tungependa usome polepole, maana wengi huangalia kipimo cha maji na kusahau saa. Maji hunyang'anya mwili joto haraka kuliko hewa, takriban mara 25. Nyuzi 24 za hewa utavaa fulana. Nyuzi 24 za maji zitakushtua tumboni, utazoea baada ya dakika chache, kisha baada ya nusu saa zitaanza kukudai. Ukitoka umelowa halafu kusi ikakupiga, maji yanayokauka kwenye ngozi yanaondoka na joto lililobaki. Ubaridi unaolalamikiwa Matema mara nyingi ni wa mchangani.

Dawa yake ni kuchagua saa. Alfajiri tusikudanganye: Milima ya Livingstone imesimama mashariki yetu, jua linachelewa kuivuka, na hewa ya baridi iliyoshuka mlimani usiku bado ipo. Maji wakati huo ni ya uvuguvugu kuliko hewa, inapendeza kuingia na inachukiza kutoka. Subiri jua lifike ufukweni. Kuanzia hapo hadi kama saa tano asubuhi ziwa mara nyingi limetulia, na hiyo ndiyo saa ya watoto. Mchana nchi kavu ikishapata moto, upepo wa ziwani unaungana na kusi, vyote vinatoka upande mmoja, na kufika alasiri mawimbi yanavunjika ufukweni. Vijana wanayapenda. Mtoto wa miaka minne atakunywa maji na mchanga. Isitoshe, mtoto mdogo hupoteza joto upesi kuliko wewe, kwa hiyo akianza kubadilika rangi ya midomo mtoe, hata akilia.

Kama huna haja ya kufuata likizo za shule, njoo kati ya mwishoni mwa Septemba na mwanzo wa Desemba. Kusi imelegea, maji yanapanda kuelekea 27 na zaidi, na ziwa limeshuka kiasi kwamba ufukwe ni mpana kuliko miezi mingine. Joto la Kyela miezi hiyo si la mchezo, chumbani utataka feni, na kuna siku utaona moshi mrefu umesimama katikati ya ziwa. Si moto. Ni kungu, wadudu wadogo wanaopanda kwa mawingu, na huku kuna watu wanaowafanya kitoweo.

Machi hadi Mei maji ni ya joto na bado hatukushauri uje kwa ajili ya kuogelea. Mvua inayoipa Kyela mpunga na kakao ndiyo hiyohiyo inayojaza Mto Lufilyo, nao unamwaga tope na magogo ziwani. Kina kinapanda, mchanga unamezwa. Radi ikianza kunguruma, kila mtu atoke majini.

Mambo mawili hayana msimu. Usiogelee karibu na midomo ya mito wala kwenye matete, kwa sababu mamba wapo. Muulize mwenyeji mahali pa kuingilia, hata kama ulishawahi kuja. Na kichocho kipo Ziwa Nyasa. Konokono wanaokieneza hupenda zaidi maji yaliyotulia yenye majani, lakini hatuwezi kukuapia kwamba mchanga wa wazi ni salama moja kwa moja. Ukirudi nyumbani, baada ya wiki kadhaa nenda kapime. Dawa ipo, ni ya vidonge.

Kwa wanaokuja Julai: leteni taulo la ziada kwa kila mtoto, sweta ya jioni, na nguo kavu ziwe ufukweni, msiziache chumbani. Chai ya tangawizi tunaileta mchangani bila malipo msimu wote wa kusi. Safari ya mtumbwi kwenda kijiji cha Ikombe kuona Wakisi wakifinyanga vyungu tunaipanga asubuhi tu, na mwenye mtumbwi akisema leo ziwa limechafuka, hatuondoki, pesa yako unarudishiwa. Mwezi wa nne vyumba vinashuka bei, na sababu umeshaisoma.