Minyaa ni mpaka tosha, isikatwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linaloniumiza tangu mwaka juzi hapa kijijini kwetu, wilayani Buhigwe. Ni habari ya wigo wa minyaa, ile miti ya utomvu, kwenye mashamba.

Mimi ni mama mkulima. Nina kahawa, maharage, mahindi na migomba kwenye mteremko niliorithi kwa baba. Baba alihamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliporudi kulima mahame yake alikuta nyumba imekwisha lakini minyaa ya urugo, yaani ua wa nyumba, bado imesimama. Aliikata vipande, akaviacha kivulini siku chache hadi utomvu ukauke, halafu akavichomeka kuzunguka shamba lote. Mibono aliichanganya humo humo, maana mbuzi haigusi.

Mengine hakuyapanda yeye. Ndege walileta mipera na makakara kwa vinyesi vyao. Ukaota pia mubirizi, ule mti wa majani machungu tuliokuwa tukinyweshwa tukiumwa tumbo. Kule hifadhi ya Mahale, mkoani kwetu Kigoma humu humu, watafiti walimwona sokwe mgonjwa akimenya kijiti cha mti huo na kufyonza maji yake. Mubirizi ukichanua, nyuki wanajaa mpaka unasikia mlio ukiwa mbali.

Mwaka juzi tulipimiwa mashamba kwa ajili ya hati za kimila. Nafurahi kuwa na hati, sitaki nieleweke vibaya. Lakini tuliambiwa mpaka uonekane wazi, mstari ulionyooka, na wengi wetu tukaelewa kwamba minyaa itoke. Shemeji yangu, tunayepakana naye upande wa juu, akaona atapata na matuta mawili zaidi ya maharage. Nikakubali. Tukakata hatua 90 kwa siku mbili na kuchoma moto.

Siku ile ya kwanza vijana walikuta kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba, amejikunja kwenye majani makavu, wakamsukuma kwa fimbo hadi barabarani. Mnyama yule usiku kucha kazi yake ni kula wadudu na konokono shambani mwetu, hatudai chochote. Kwenye kichaka cha mibono kulikuwa na tago la dudumizi, mayai bado yamo. Dudumizi ndiye ndege wa mvua. Mama yangu akimsikia akilia kama maji yatokayo kibuyuni alikuwa anatoa mbegu ndani. Upande ule sijamsikia tena.

Mvua zilipoanza nilipata majibu. Maji yalishuka kutoka kwa shemeji bila kizuizi, yakaja na udongo wake mweusi na kuondoka na wangu. Hayo nilikuwa nimeyategemea kidogo. Nisichokitegemea ni maboga. Ua jike la boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana. Asubuhi hiyo moja lisipoletewa unga wa ua dume, kiboga hunyauka na kudondoka. Zamani walikuwa wanakuja nyuki wa kawaida na wale wakubwa weusi wanaotoboa vijiti vikavu na kuzaa ndani yake. Vijiti hivyo vilikuwa kwenye wigo. Msimu ule upande wa juu niliokota viboga vya ukubwa wa yai, vimeoza kwenye ncha. Upande wa chini, ambako minyaa ipo, nilivuna kama kawaida. Shamba ni lile lile, na mbegu ilitoka kwenye boga moja.

Na kuna kiwavijeshi vamizi, ambaye tangu aingie nchini mwaka 2017 ametufanya wateja wa kudumu wa duka la dawa. Wapo nyigu wembamba wanaotaga ndani ya kiwavi, watoto wao wakamla akiwa hai. Nyigu hao wakikomaa hunywa maji matamu ya maua. Kwenye mahindi matupu watayapata wapi?

Najua watakaonijibu watataja nyoka. Nyoka wapo, sikatai, na utomvu wa minyaa ukiingia jichoni ni balaa. Mdogo wangu alikaa siku tatu haoni vizuri. Basi karibu na nyumba tufyeke chini yake, na anayekata ageuze uso kama tulivyofundishwa. Huko shambani nyoka yule ndiye anayekula panya wetu.

Uingereza walishapita njia hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili waling'oa wigo wa miti kwa maelfu ya kilomita ili mashine zipate nafasi. Sheria yao ya mwaka 1997 inamtaka mkulima aombe ruhusa ya halmashauri kabla ya kung'oa wigo wa shambani, na huko England sasa hauruhusiwi kupunguzwa kuanzia Machi hadi Agosti, ndege wakiwa kwenye viota. Sisi bado tunao. Kwetu dunia inakuja kuangalia sokwe wa Gombe, na ni haki yao kutunzwa, lakini kalunguyeye na dudumizi hawana hifadhi yoyote isipokuwa hiyo mistari ya minyaa kati ya shamba langu na la jirani.

Ninachoomba kwa halmashauri zetu za Kigoma ni kidogo. Wigo uliokubaliwa na majirani wote wawili uandikwe kwenye hati kuwa ndiyo alama ya mpaka, mpimaji aweke jiwe pembeni yake bila kuukata. Na serikali za vijiji ziweke katika sheria ndogo kwamba minyaa ipunguzwe kiangazi, si wakati wa mvua ndege wakiwa wametaga.

Mimi na shemeji tumeshakaa tukazungumza. Mbuzi za watu zilimmalizia maharage ya matuta yale mawili. Vipande vimekatwa kutoka upande wa chini, vimelala chini ya mparachichi vikikauka. Mvua ya kwanza ikinyesha, yeye ataanzia juu barabarani na mimi nitaanzia huku mtoni.

Mama mkulima,
Buhigwe, Kigoma