Mtoto atauliza kwa lugha gani?

Mhariri,

Miaka yote nawasoma nanyamaza, ila ile habari yenu ya juzi kwamba eti kufundisha Kiingereza kwa kumwacha mtoto aulize na achunguze mwenyewe kumeshindikana huku kwetu sababu madarasa yamejaa, imenikera sana. Nafundisha Kiingereza sekondari ya kata, form one wangu wako 74. Haijashindikana, inazuiwa.

Mwaka jana kuna mtoto kaniuliza, ticha mbona "wanted" mwishoni unatamka "id" halafu "washed" unatamka "t" na zote zimeandikwa -ed? Ningeandika kanuni ubaoni wakakopi wakasahau, yameisha. Nikawaambia haya tafuteni. Wakakusanya vitenzi, walked, played, cleaned, laughed, needed, kila kundi linatamka vidole viko kooni, mpaka wakagundua wenyewe kwamba koo likitetemeka kwenye sauti ya mwisho ya kitenzi kabla ya -ed inafuata "d", lisipotetemeka "t", na kitenzi kikiishia na t au d ndo inakuja "id". Vipindi viwili tu! Binti mmoja anakaa nyuma kabisa, hajawahi kunyoosha mkono tangu aje, akasimama akasema mbona hata sisi tunasema nyumba nzuri ila nyumba mbaya, hatusemi nbaya, kumbe sauti inamfuata jirani yake. Mhariri nina miaka 19 kazini, nilitamani kulia kwa furaha. Hapohapo akaingia mkubwa mmoja wa pale shuleni, kelele za nini, notsi ziko wapi, akapekua madaftari hakuna kitu, akanisema mbele ya watoto kwamba napoteza kipindi. Na yule binti jina lake likaandikwa na monita sababu aliyasema yale kwa Kiswahili, jioni akadeki vyoo.

Sasa hapo wa kulaumiwa ni wingi wa watoto kweli? Mtoto kasoma kwa Kiswahili miaka 7 ya msingi, akifika form one tunamwambia hapa ni Kiingereza tu, halafu tunamwambia dadisi, uliza. Kwa lugha gani? Na hii tabia ya kuandika majina na kuvalisha watoto vibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha yao wenyewe, inawafundisha kitu kimoja tu, kukaa kimya. Mtaala wa umahiri, yaani unaotaka mtoto aweze kutenda siyo kukariri tu, tunao tangu 2005, huu mpya ulioanza Januari 2024 nao ni wa umahiri, lakini akija mkaguzi anaanza na notsi, umefika mada ya ngapi.

Ombi langu. Kila Jumatano kipindi cha tatu, form one zote, hakuna notsi, mtoto aulize kwa lugha anayoijua na jibu litafutwe kwa Kiingereza. Mkaguzi akija siku hiyo asiishie ofisini, akae benchi la nyuma na yeye aweke vidole kooni. Na lile daftari la monita la majina lisitupwe, liandikwe maswali ya watoto. La kwanza liwe lile la nzuri na mbaya.

Mwalimu wa Kiingereza,
Morogoro