Kafeini ni dawa pia jamani

Mhariri, salamu. Makala yenu ya kafeini nimeisoma mpaka mwisho, mmesema inakosesha usingizi, inakimbiza moyo, watu wanakuwa mateja wa kahawa, sawa sikatai, ila mbona hamkugusia hata kidogo kwamba ni dawa na kuna watoto inawasaidia kupumua?

Mwanangu alizaliwa wiki ya 29, njiti, kilo 1 na gramu 100. Anapumua vizuri tu halafu ghafla kimya, kifua hakipandi, midomo inageuka rangi, mashine inapiga kelele, nesi anakuja anamkuna unyayo kwa kidole ndo anashtuka anavuta pumzi. Usiku mmoja mara kibao, nikaacha kuhesabu. Ile sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua inakuwa bado haijakomaa, na kafeini inaiamsha, inaizuia adenosini, kemikali ya mwilini inayotuliza ubongo.

Daktari aliposema anaanzishiwa kafeini sitreti, yaani kafeini ya dawa, mama mkwe aliangua kilio, kahawa kwa kichanga kweli? Na hapo ndo kinachoniuma, hakuna aliyekaa nasi akatueleza, tukabaki tunaogopa dawa badala ya ugonjwa. Nimekuja kujua baadaye kwamba dozi ya kwanza ni miligramu 20 kwa kila kilo, halafu zinafuata ndogo mara moja kwa siku, kwa sababu mwili wa kichanga unaitoa taratibu mno, nusu yake inachukua kama siku 4 kutoka wakati kwa mtu mzima ni kama masaa 5. Ndo maana nasema mtu asije akajaribu kumpa mtoto kahawa nyumbani, hii inapimwa kwa sirinji, tone likizidi ni shida.

Na wala si kubahatisha. Utafiti uliotoka 2006 ulifuata njiti zaidi ya 2,000, waliopewa kafeini asilimia 36 ndo walikuwa bado wanahitaji oksijeni walipofika wiki ya 36 ukihesabu tangu mimba, wasiopewa ni 47. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu za watoto.

Naomba mchape na upande huu, maana kuna mama saa hizi kasimama mlangoni wodi ya njiti, kaambiwa kafeini, na kitu pekee alichowahi kusoma kuhusu kafeini ni ile makala yenu.